Wapangaji wa Mashine Moja: Historia ya Viunzi vya Programu katika Seva ya Pamoja

Programu ya tovuti haiwezi kukaa kifuani mwa mwandishi wake. Ili watu waione, yapasa iwekwe katika mashine isiyolala, iliyoungwa na intaneti usiku na mchana, yenye umeme usiokatika na mtu wa kuiangalia. Mashine ya namna hiyo huitwa seva. Na tangu tovuti zilipoanza mpaka leo, walioweza kumiliki seva peke yao wamekuwa wachache kuliko walioihitaji. Wengine wote wamekuwa wapangaji. Hulipa kodi ndogo ya mwezi au ya mwaka, wakapewa chumba katika mashine yenye wapangaji wengine wengi, wasiojuana kwa sura wala kwa jina, wanaotumia mlango mmoja, kisima kimoja na ua mmoja, mfano wa zile nyumba zetu za vyumba sita ambamo kila chumba kina watu wake na kila mtu anasikia kikohozi cha jirani.

Historia ya programu za tovuti aghalabu huandikwa kwa kufuata majina ya lugha na ya wavumbuzi wake, kana kwamba kilichoshinda kilishinda kwa uzuri wake tu. Rai ya makala haya ni nyingine. Kilichoenea kilienea kwa kuwa kiliweza kuishi katika chumba cha kupanga. Na kilichochelewa kuenea kilichelewa kwa kuwa waliokiunda walikuwa wenye nyumba, nao hawakumfikiria mpangaji. Jambo hili laonekana wazi zaidi katika habari za vile vinavyoitwa fremuweki, ambavyo hapa nitaviita viunzi. Kiunzi ni mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa, ambao humpa mjenzi nguzo, boriti na mapao, naye akabakiwa na kazi ya kukandika kuta na kuchagua milango. Kukitumia ni rahisi. Kukisimamisha katika nyumba ya watu wengi ndiko kulikokuwa na kisa.

Ugomvi wa wapangaji ni mkongwe kuliko tovuti. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo mtu alikabidhi kadi zake zilizotobolewa matundu, akaenda zake, akarudi baadaye kutazama majibu. Sasa kila mmoja aliketi mbele ya mashine yake ya kupigia chapa, akidhani kompyuta ni yake peke yake, kumbe kompyuta ilimhudumia huyu kwa chembe ya sekunde, ikamwacha, ikamhudumia yule. Kwa kuwa faili za wote zilikaa pamoja, kila mtu alipewa neno la siri. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, alipoona muda aliogawiwa haumtoshi, aliiagiza mashine ichapishe faili yenye maneno ya siri ya watu wote, akapata kutumia saa za wenzake. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 likatokea jambo la pili, nalo halikuwa na mwizi: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa wakati mmoja, mfumo ukazichanganya, na kila aliyeingia akapokewa na orodha ya maneno ya siri badala ya tangazo la siku hiyo.

Visa hivi viwili vimebeba karibu yote yaliyofuata. Cha kwanza chahusu fungu: nani ale kiasi gani cha mashine. Cha pili chahusu ukuta: nini kimzuie jirani asione ya jirani. Kila mbinu nitakayoitaja huko mbele ilibuniwa kwa ajili ya kimoja kati ya hivyo, na mara nyingi ilipoponya kimoja ilikitonesha kingine.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, uliweka ukuta wa aina yake. Kila faili ilikuwa na mwenyewe, na kundi lake, na watu wengine wote. Na kwa kila mmoja wa hao watatu palikuwa na ruhusa ya kusoma, ya kuandika na ya kuendesha. Mpangaji wa leo anayeandika tarakimu 755 au 644 kwa kuwa ameambiwa aandike hivyo, asijue maana yake, anatumia sheria ile ile.

Tovuti zilizaliwa juu ya mashine za Unix na za jamaa zake. Tim Berners-Lee alizianzisha katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba ufundi wake ni mali ya watu wote bila malipo. Mwaka huo huo, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Rob McCool aliandika programu ya seva iliyoleta mambo mawili ambayo hayajafa. La kwanza ni folda iitwayo public_html: kila mwenye akaunti katika mashine ya chuo aliweza kuifungua nyumbani mwake, na chochote alichokiweka humo kikaonekana duniani chini ya jina lake, likitanguliwa na alama ya kiwimbi. La pili ni CGI, yaani mapatano ya jinsi seva itakavyoita programu ya nje, kuipa maneno aliyoyaandika msomaji, na kupokea ukurasa iliouandika. Kwa hiyo seva ya pamoja ya kwanza ya tovuti ilikuwa ya chuo, na wapangaji wake walikuwa wanafunzi na walimu ambao hawakulipa kodi. Jina la folda ile bado limeandikwa katika vyumba vya kupanga ulimwenguni kote, kama majina ya mitaa ya mji ambao walioupa majina walikwisha kuhama.

Biashara ilikuja mara. Mwaka 1995 kundi la wasimamizi waliokuwa wakiitilia viraka seva ya NCSA waliungana wakatoa seva ya Apache. Hata hivyo palikuwa na kizuizi: kila tovuti yenye jina lake ilihitaji nambari yake ya anwani katika mtandao, na nambari zilikuwa na gharama. Januari 1997 yakachapishwa mapatano mapya ya HTTP, namba 1.1, yaliyomlazimisha kivinjari kutaja jina la tovuti anayoitaka kila anapobisha hodi. Neno hilo moja liliwezesha majina mengi kukaa nyuma ya nambari moja. Tangu hapo kodi ya chumba ikashuka mpaka mtu wa kipato kidogo akaweza kuilipa.

Sasa tuingie chumbani. Programu ya CGI ilikuwa na adabu njema sana ya mpangaji: ilipoitwa iliamka, ikafanya kazi yake, ikafa. Haikuacha kitu sebuleni. Lakini kuamka kuna gharama yake. Kila msomaji mmoja alipofungua ukurasa mmoja, mashine ililazimika kuzaa mchakato mpya, kuisoma lugha yote ya programu kutoka diskini, kuitumia kwa nukta chache, kisha kuitupa. Wasomaji mia wakija pamoja, mashine ilihema.

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitangaza Juni 1995 vifaa vyake vidogo vya kutunzia ukurasa wake binafsi, ambavyo vilikua vikawa lugha ya PHP. Toleo la 3, lililoandikwa upya kwa mkono wa Zeev Suraski na Andi Gutmans, lilitoka mwaka 1998. Wasomi wa lugha za kompyuta wameicheka PHP kwa majina yake yasiyo na mpango na desturi zake zinazopingana, na kicheko chao kina sababu. Lakini walichokiacha bila kukitazama ni makazi yake. Lugha yenyewe ilipandwa ndani ya Apache, ikakaa macho daima, mara moja kwa wapangaji wote. Ilhali programu ya kila mpangaji ilizaliwa na kufa kwa kila ombi, kama CGI. Mwenye nyumba aliifunga mara moja tu. Mpangaji alipeleka faili moja kwa FTP, akaiweka katika public_html, na ikafanya kazi. Hakuwa na amri ya kuandika, hakuwa na kitu cha kuwasha wala kuzima. Akikosea, alihariri faili na kuipeleka tena, na kosa lake halikumwamsha jirani.

Ukuta ndio uliolipa gharama ya urahisi huo. Maadamu lugha ilikaa ndani ya Apache, programu za wapangaji wote ziliendeshwa kwa jina la mtumiaji mmoja, naye ni Apache mwenyewe. Faili ambamo mpangaji aliandika neno la siri la hifadhidata yake ilibidi isomwe na Apache. Na kwa kuwa programu ya jirani nayo ilikuwa Apache, jirani aliweza kuisoma. Allan Scherr asingepata tabu. Watengenezaji wa PHP walijaribu kuziba ufa huu kwa kile walichokiita hali ya usalama, ambayo ilikataza programu kufungua faili ya mwenye mwingine. Kisha kitabu chao wenyewe cha maelekezo kikakiri kwamba si sahihi kimsingi kulitatua tatizo hili ndani ya lugha. Hali hiyo ya usalama iliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Kwa upande wa Apache palikuwa na dawa nyingine tangu mwaka 1997, iitwayo suEXEC, ambayo iliendesha programu ya CGI kwa jina la mwenyewe. Ilikuwa dawa kali. Ikiona faili ya mpangaji ina ruhusa ya kuandikwa na watu wengine, hukataa kuiendesha. Na msomaji huonyeshwa ukurasa wenye namba 500, ambao maana yake ni kwamba kuna jambo ndani ambalo hutaambiwa. Wangapi, kwa kukata tamaa, walizipa faili zao tarakimu 777, wakidhani kufungua milango yote ndiyo njia ya kupita, kumbe ndiyo iliyowafungia!

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa viunzi vipya vilipofika mlangoni.

Vilitoka kwa watu wenye mashine zao. Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence katika jimbo la Kansas, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kujenga tovuti kwa kasi ya chumba cha habari. Ilitolewa kwa umma Julai 2005. Rails ilitolewa Julai 2004 na Mdenmark David Heinemeier Hansson, aliyeichonga kutokana na programu aliyoiandikia kampuni ya 37signals ya Chicago. Ya kwanza ilitumia lugha ya Python, ya pili lugha ya Ruby. Zote mbili zilikuwa na uzuri wa kweli, na sioni haya kulisema: mtu aliyekuwa amezoea kuandika kila kitu kwa mkono aliona kazi ya wiki ikiisha kabla ya chai kupoa. Onyesho la Rails lililotazamwa sana la mwaka 2005 lilijenga shajara nzima ya mtandaoni kwa dakika 15.

Lakini onyesho lile lilifanyika katika kompyuta ya mwonyeshaji mwenyewe. Mpangaji aliporudi chumbani kwake na kutaka kufanya kama alivyoona, alikuta kwamba dakika 15 zilikuwa za kujenga tu. Za kusimamisha hazikuhesabiwa.

Sababu yake ilikuwa katika maumbile ya kitu chenyewe. Kiunzi cha namna hii ni kikubwa. Kuamka kwake kwahitaji kusoma mamia ya faili, na mchakato mmoja wa Rails ulichukua makumi ya megabaiti za kumbukumbu ya mashine. Ukiuendesha kwa CGI, ukiuamsha na kuuua kwa kila ombi, msomaji hungoja sekunde kadhaa kwa kila ukurasa. Basi haukufaa kufa. Ilibidi ukae macho ukingoja wageni. Na mpangaji anayekaa macho usiku kucha na taa zote zimewashwa, hata kama hana mgeni, ndiye hasa mpangaji asiyetakiwa na mwenye nyumba. Hesabu ya biashara ya kupangisha ilisimama juu ya jambo moja: kwamba wengi wa wapangaji, kwa muda mwingi, hawapo nyumbani. PHP iliheshimu hesabu hiyo. Rails na Django ziliivunja.

Njia iliyopatikana kwa miaka michache ya kwanza ilikuwa FastCGI, ufundi uliotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Open Market, ambao uliruhusu programu ya CGI ibaki hai baada ya kujibu. Mpangaji wa Rails wa mwaka 2006 alipaswa kuhakikisha kwanza kwamba mwenye nyumba ana lugha ya Ruby, tena toleo linalokubaliana na kiunzi chake. Kisha alipakia faili zote nje ya public_html, akafanya kiungo kutoka public_html kwenda folda ya kiunzi iitwayo public, ili ulimwengu uone mlango tu, usione jikoni. Kisha akahariri faili ya .htaccess ili maombi yote yapelekwe kwa faili moja, dispatch.fcgi. Mstari wa kwanza wa faili hiyo hutaja mahali Ruby ilipo. Ukikosea herufi moja, 500. Ukiwa umeiandika katika Windows, ambayo humaliza mistari kwa alama mbili badala ya moja, 500. Ukisahau kuipa ruhusa ya kuendeshwa, 500. Ukiipa ruhusa kupita kiasi, 500 ile ile kwa mkono wa suEXEC. Na baada ya yote kuwa sawa, alfajiri moja mlinzi wa mashine, ambaye ni programu iliyowekwa na mwenye nyumba ili kuua michakato inayokaa muda mrefu, angepita na kukiua kiunzi, au kukikata nusu na kuacha mzoga wake ukishika kumbukumbu bila kujibu mtu.

Kwa mtumiaji wa Django mambo hayakuwa mema zaidi. Njia iliyosifiwa wakati huo, ya kuipanda Python ndani ya Apache, ilikuwa na tabia moja mbaya: msimbo uliokwisha kusomwa ulibaki kichwani mwa seva, na mabadiliko hayakuonekana mpaka Apache izimwe na kuwashwa. Kuzima Apache ni kuzima nyumba nzima, jambo ambalo mpangaji hana ruhusa nalo. Ikabidi naye arudi kwa FastCGI.

Januari 2008 malalamiko yalitoka hadharani. DreamHost, kampuni ya Marekani iliyopangisha tovuti nyingi kwa bei ndogo, iliandika kwamba Rails inawatesa wapangishaji, na kwamba kama waliyoiunda wanataka ienee kama PHP yawapasa wairahisishe kukaa katika seva ya pamoja. Hansson alijibu. Maana ya jibu lake, nikilieleza kwa maneno yangu, ilikuwa hivi: sisi tunaoiunda Rails hatuishi katika vyumba vya kupanga, tunaunda kile tunachokihitaji sisi, wapangishaji wanaoona shida ndio wanaopata faida, basi na walete mikono yao watengeneze.

Jibu hili lilisifiwa na wengi kwa uwazi wake, na kwa sheria ya kazi za kujitolea lina haki yake. Mtu aliyekupa jembe bure hawezi kudaiwa mpini. Lakini mwanahistoria halazimiki kuishia hapo. Jibu lenyewe ni ushahidi, kutoka kinywani mwa mwenyewe, kwamba kipimo kilichotumika wakati wa kuunda kilikuwa mtu mwenye mashine yake. Na kwamba asiye nayo hakuwa amekataliwa kwa chuki, alikuwa hajafikiriwa. Tena yafaa kuuliza: huyo asiyefikiriwa ni nani? Si DreamHost. Ni mwanafunzi mwenye kodi ya dola chache, ni chama kidogo, ni mwalimu wa shule, mwenye wazo la programu na asiye na seva. Mhudumu wa seva aliweza kungoja. Mwanafunzi hakungoja, alichukua PHP. Wale wanaoshangaa hata leo kwa nini sehemu kubwa ya tovuti za dunia zimesimama juu ya lugha waliyoicheka, jibu lao moja limo katika mabishano haya.

Dawa ilitoka mahali pasipotazamiwa. Miezi michache baadaye, Aprili 2008, vijana wawili wa Uholanzi, Hongli Lai na Ninh Bui, wakitumia jina la Phusion, walitoa Passenger. Ilikuwa kipande cha kupandwa ndani ya Apache na mwenye nyumba, mara moja, kama PHP. Kilijua chenyewe kuiamsha programu ya mpangaji anapokuja mgeni wa kwanza, kuiweka macho maadamu wageni wanakuja, na kuilaza ikikaa kitambo bila kuitwa. Tena kiliiendesha kwa jina la mpangaji mwenyewe. Fungu na ukuta kwa pamoja. Na mpangaji aliyetaka kuiwasha upya programu yake hakuhitaji amri ya usimamizi: aliigusa faili tupu iitwayo restart.txt katika folda ya tmp, na Passenger, ikiona tarehe ya faili imebadilika, ikaelewa. Sijui ufundi mwingine wa miaka ile ulioielewa hali ya mpangaji vizuri zaidi kuliko faili hii isiyo na neno hata moja ndani yake. DreamHost iliipokea mwezi uliofuata, na baadaye Passenger ilijifunza pia kuendesha Python. Paneli ya cPanel huitumia hata leo.

Hata hivyo dawa ilifika wakati mgonjwa anahama. Amazon ilikuwa imeanza mwaka 2006 kukodisha mashine za kubuniwa kwa saa, ambazo mpangaji huzipata kama nyumba nzima, ingawa ndani ya jengo moja na wengine. Mwaka 2007 ikaanzishwa Heroku, iliyopokea programu za Rails kwa amri moja na kuwapa wadogo nafasi ya bure. Wenye Rails wengi walikwenda huko, nao hawakutazama nyuma.

Kwa PHP viunzi vilikua vikiwa vimemtazama mpangaji tangu mwanzo, angalau kwa muda. CodeIgniter, iliyotolewa na Rick Ellis mwaka 2006, ilijinadi kwa udogo wake na kwa kutohitaji mstari wa amri: folda moja hupakiwa, faili mbili tatu huhaririwa, basi. Laravel ya Taylor Otwell, ya mwaka 2011, ilikuwa na uzuri wa aina ya Rails. Na pamoja na uzuri huo ikaleta shida za aina ya Rails. Humtaka mtumiaji awe na Composer, chombo cha mwaka 2012 cha kukusanya maktaba, ambacho katika toleo lake la kwanza kilikula kumbukumbu kupita kiasi ambacho wapangishaji wengi waliruhusu. Toleo la 2, la Oktoba 2020, lilipunguza ulafi huo. Mpangaji asiye na mstari wa amri alikusanya maktaba katika kompyuta yake, kisha akazipeleka kwa FTP, maelfu ya faili ndogo ndogo moja baada ya nyingine.

Nani asiyejua katika pwani yetu maana ya kupeleka maelfu ya faili moja baada ya nyingine? Kabla ya waya wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano yetu na seva za Ulaya na Marekani yalipanda angani kwa setilaiti na kushuka, na kila faili ilisubiri jibu la safari hiyo kabla ya nyingine kuondoka. Gharama ya faili kumi elfu haikuwa sawa kwa mtu wa Chicago na mtu wa Kariakoo, hata kama kodi ya chumba chao ilikuwa moja.

Laravel ina mlango wake pia uitwao public, na kila kilicho nje ya mlango huo hakitakiwi kuonekana. Lakini mpangaji amepewa public_html, ile ya Illinois, na mara nyingi hana uwezo wa kuielekeza kwingine. Wengi huimwaga kazi yote ndani yake. Ikiwa hivyo, faili ya .env, ambayo tangu toleo la 5 la mwaka 2015 ndiyo inayobeba neno la siri la hifadhidata, huweza kusomwa na yeyote anayeandika jina lake katika kivinjari, na ziko programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibisha kila mlango kuiulizia. Njia iliyo salama ni ile ile ya mwaka 2006: kiunzi kikae nje, na ndani ya public_html viingie vilivyomo katika public peke yake, kisha mistari miwili ya index.php ibadilishwe ili ijue kiunzi kiko wapi. Ni kazi ya dakika tano kwa anayeijua. Wanafunzi wanaofundishwa kuandika Laravel bila kufundishwa mistari hiyo miwili wamepewa nyumba isiyo na kitasa.

Nafasi ya bure ya Heroku ilifungwa tarehe 28 Novemba 2022. Waliokuwa wamehamisha humo kazi zao za darasa na majaribio yao walipewa muda wa kuchagua: kulipa, au kutafuta mwenye nyumba mwingine.